Sura ya Tano: Mzigo Uliododa Unaopanda Bei

Kariakoo, bidhaa iliyokaa dukani muda mrefu ina jina lake: mzigo umedoda. Vitenge vya mtindo wa mwaka juzi, simu za toleo lililopita, katoni za biskuti zinazokaribia tarehe ya mwisho, vyote hushushwa bei, hata chini ya mtaji, ili vitoke na fedha izunguke. Sasa mchukue mfanyabiashara huyohuyo wa Mtaa wa Kongo, mpeleke kwenye duka la vinywaji huku Posta au Kisutu, umwoneshe chupa mbili za mvinyo mwekundu wa Italia zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Moja ni ya mavuno ya miaka mitatu iliyopita. Ya pili ina miaka kumi na kitu, lebo imeanza kufifia, na bei yake inatosha kununua katoni ya ile ya kwanza. Swali lake huwa lilelile: hii iliyododa ndiyo ghali, kwa nini?

Wengine hulijibu wenyewe kwa kusema ni mbwembwe za wazungu. Mbwembwe zipo, sikatai. Lakini chini yake kuna jambo la kweli linalotokea ndani ya chupa, nalo linaelezeka kwa lugha ya kawaida. Ukishalielewa utajua pia kwa nini chupa ya zamani iliyokaa vibaya hapa mjini haistahili nusu ya bei yake, na hilo halitawafurahisha wauzaji wote. Msomaji ambaye dini au afya yake haimruhusu pombe asiiruke sura hii. Humu mna kemia na biashara kuliko unywaji.

Vinywaji vyetu vina haraka

Tuanze na tunavyovijua. Mgema akishusha mnazi asubuhi, ni mtamu. Jioni umekolea. Ukilala siku mbili tatu unaelekea kuwa siki. Ulanzi wa Iringa na Njombe nao una saa zake, na mbege ya Uchagani ikishaiva watu huitwa waje, haiwekwi kungoja Krismasi ijayo.

Wanaoleta haraka hiyo ni chachu na bakteria. Chachu ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi, ndiyo yale mapovu. Sukari ikiisha na hewa ikiwa inaingia, huja bakteria wa siki na kukigeuza kilevi kuwa asidi kali. Mnazi una kilevi kidogo, uko wazi kwenye hewa, na joto la Pwani linawapa vijidudu nguvu. Hauna ujanja.

Mvinyo nao ni maji ya zabibu yaliyochachushwa kwa njia hiyohiyo, ila una kinga tatu. Kilevi chake huwa kama asilimia 12 mpaka 15, kiasi ambacho vijidudu wengi hawakiwezi. Una asidi ya zabibu yenyewe, ule uchachu unaousikia ukitafuna zabibu isiyoiva. Tena umefungwa kwa kizibo cha gome la mti, kinachopitisha hewa kidogo mno.

Kinga hizo zinauzuia kuharibika upesi. Hazitoshi kuufanya uwe mzuri zaidi, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Sehemu kubwa sana ya mvinyo unaotengenezwa duniani, Italia ikiwemo, umekusudiwa kunywewa ndani ya miaka michache ya mwanzo. Chupa ya bei ya chini ukiihifadhi miaka kumi hutapata mvinyo mkongwe. Utapata mvinyo uliochoka.

Kama unataka kitu cha karibu katika maisha yetu, fikiria mchele. Wapishi wa pilau wa Kariakoo huuliza kama mchele ni mpya au wa zamani, kwa sababu mpya hushikana na wa zamani huchambuka. Kukaa ghalani kunausaidia. Hata hivyo mchele mbovu hauwi mzuri kwa kukaa, na mzuri ukikaa penye unyevu unaota ukungu. Bado inategemea ulikuwa mchele gani na ulikaa wapi.

Ukakasi ndio mtaji

Umewahi kung'ata bibo, lile tunda la mkorosho? Ulimi unakauka, mashavu yanavutwa ndani. Ndizi mbichi hufanya hivyo. Chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni majani yakiwa bado ndani hufanya hivyo pia. Huo ndio ukakasi, nao si ladha kama utamu au uchungu; ni mguso. Unaletwa na vitu viitwavyo tanini, ambavyo mimea mingi huvihifadhi kwenye maganda, magome na mbegu. Tanini zikifika mdomoni hung'ang'ania protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na ulimi unahisi umepigwa msasa.

Zabibu ina tanini kwenye ganda, kwenye kokwa na kwenye vijiti vya kishada. Nyama yake ya ndani, hata ya zabibu nyingi nyeusi, ni nyeupe. Kwa hiyo anayetaka mvinyo mwekundu huiacha juisi ichachuke pamoja na maganda kwa siku au wiki kadhaa, na humo hupata vitu viwili kwa mkupuo: rangi na ukakasi. Mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa na kutengwa na maganda mapema. Ndiyo maana huu unateleza na ule unakwaruza.

Baadhi ya zabibu za Italia zina ukakasi wa kutisha. Malkia wao ni Nebbiolo, ya mkoa wa Piemonte kaskazini magharibi, inayotoa mvinyo uitwao Barolo. Ukiutazama kwenye glasi utadanganyika, maana rangi yake ni hafifu, unaweza kusoma gazeti kupitia kwake. Uonje ukiwa mchanga. Mtu akikukaribisha Barolo ya miaka minne bila kukueleza, utadhani amekukomoa. Kusini, milimani mashariki ya Napoli, kuna Aglianico, nyeusi na kali. Katikati, Toscana, kuna Sangiovese, yenye uchachu mwingi, inayotengeneza Chianti na Brunello. Shika jina la Aglianico; tutakutana nayo tena karibu na nyumbani.

Basi ukakasi huo pamoja na uchachu ndio mtaji wa kuzeeka. Ndani ya chupa iliyolala mahali penye baridi na giza, hewa kidogo iliyomo na ile inayopenya kwenye kizibo huanza kazi ya polepole. Tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, hushikana na chembe za rangi, minyororo yake hurefuka. Baadhi huwa nzito na kutuama chini. Hayo ndiyo mashapo, ule unga mweusi unaouona chini ya chupa ya zamani na kudhani umeuziwa kitu kibovu. Mguso hulainika. Rangi hutoka kwenye uzambarau kuelekea matofali, na ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, kingo zake zina rangi ya chungwa.

Harufu ndiyo habari yenyewe. Mvinyo mchanga hunukia matunda mabichi: cheri, zambarau, forosadi. Miaka ikienda, matunda yanarudi nyuma na vingine vinajitokeza: matunda yaliyokaushwa, tumbaku, ngozi, uyoga, udongo uliolowa. Barolo mkongwe husifiwa kwa harufu mbili ambazo hungetegemea kuzikuta pamoja, waridi lililokauka na lami. Mara ya kwanza niliposoma habari ya lami nilicheka. Baadaye nilipoonja sikucheka, kwa sababu harufu ilikuwepo kweli, kwa mbali, na ilikuja baada ya waridi kisha ikaondoka, ikaja nyingine. Ukiacha glasi mezani nusu saa, ukirudi unakuta imebadilika.

Hicho ndicho kinachopendwa: mvinyo uliopoteza ukali wake bila kupoteza nguvu, wenye harufu nyingi zinazopokezana. Je, kila mtu ataupenda? Hapana. Mtu aliyezoea waini tamu, na Dar es Salaam wako wengi, akipewa Brunello ya miaka kumi na tano anaweza kuuliza sukari imewekwa wapi. Hajakosea. Mvinyo huo hauna utamu, na tunda lililokuwa linamsaidia kuusahau ukavu limeshaondoka.

*Kwa ufupi hadi hapa.* Mvinyo hauboreki kwa miaka peke yake. Unahitaji ukakasi, uchachu na tunda la kutosha tangu mwanzo, kisha mahali pazuri pa kulala. Chupa zenye sifa hizo ni chache.

Serikali ya Italia nayo inasubirisha

Kwa mivinyo kadhaa, kusubiri si hiari ya mtengenezaji. Italia ilitunga mwaka 1963 sheria ya majina ya asili, yaani kanuni zinazosema jina fulani litumiwe na eneo gani, zabibu gani na utaratibu gani. Daraja la juu huandikwa DOCG, na chupa zake hubandikwa ukanda wa karatasi wa serikali shingoni. Baadhi ya masharti ya kukaa kabla ya kuuzwa ni haya:

- Barolo: miezi 38, kati yake 18 ndani ya pipa la mti. Ikiandikwa Riserva, miezi 62.
- Brunello di Montalcino: hauuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na lazima ukae angalau miaka miwili kwenye pipa.
- Taurasi, unaotokana na Aglianico: miaka mitatu.
- Chianti Classico Riserva: miezi 24.

Jina Brunello lenyewe lina mtu nyuma yake. Ferruccio Biondi-Santi, aliyewahi kupigana upande wa Garibaldi katika vita vya kuiunganisha Italia, ndiye anayetajwa kuwa alitoa chupa za kwanza za namna hii kutokana na mavuno ya 1888, wakati majirani zake walikuwa wanauza mvinyo wa kunywewa mapema. Majirani hao walikuwa na fedha mkononi. Yeye alikuwa na mapipa yaliyojaa.

Kwa mnunuzi, masharti hayo yana maana moja ya vitendo. Chupa ya Barolo unayoiona dukani imeshakaa zaidi ya miaka mitatu kwenye ghala baridi kabla ya kufika sokoni. Sehemu hiyo ya uzee ni ya uhakika. Yanayofuata baada ya kupakiwa melini hayana sheria.

Nyuzi 30

Ghala la mvinyo Ulaya, lile la chini ya ardhi, huwa na nyuzijoto 12 hadi 14 mwaka mzima, bila kupandapanda. Dar es Salaam mchana hufika nyuzi 30 na zaidi miezi mingi ya mwaka, na Januari au Februari hata usiku hauleti nafuu. Kemia ina kanuni ya jumla inayosema joto likiongezeka kwa nyuzi 10, shughuli nyingi za kikemikali huenda kwa kasi ya karibu mara mbili. Mtu mwerevu anaweza kusema: vizuri, basi chupa yangu itazeeka haraka, nitapata Barolo ya miaka ishirini kwa miaka mitano. Ingekuwa hivyo, Ilala ingekuwa na maghala ya kuzeesha mvinyo wa dunia nzima.

Tatizo ni kwamba shughuli zote haziongezi kasi kwa kiwango kimoja. Zile za kuharibu harufu za matunda hukimbia kuliko za kulainisha tanini. Matokeo yake ni mvinyo unaonukia jemu iliyopikwa kupita kiasi, uliopauka, lakini bado unakwaruza ulimi: umezeeka pua, mdomo umebaki mtoto. Zaidi ya hayo, kimiminika kikipata moto hutanuka. Kinasukuma kizibo, kinavuja kidogo. Kikipoa hurudi nyuma na kuvuta hewa ndani. Mchezo huo ukirudiwa kila mchana na kila usiku, hewa iliyokusudiwa kupenya kwa miaka inaingia kwa miezi.

Sasa fuatilia safari ya chupa. Inatoka kiwandani Piemonte, inafika bandari ya Genova, inaingia kwenye kontena. Kontena la kawaida ni sanduku la chuma, na likiwekwa sitahani juani ndani yake huwaka kuliko hewa ya nje. Likipita Bahari ya Shamu hali ni mbaya, na tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa njia hiyo kwa sababu za usalama na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ilirefuka. Kuna makontena ya baridi, lakini yana gharama yake. Mzigo ukishuka Dar es Salaam unangoja taratibu za forodha. Kisha stoo. Kisha rafu ya duka ambalo kiyoyozi chake kinawashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa mbili usiku, achilia mbali umeme ukikatika. Kuna maduka yanayosimamisha chupa za bei kubwa dirishani kwa ajili ya kupendeza, jua la saa tisa likizipiga usoni. Ukiona hivyo usiingie kununua mvinyo. Nunua bia.

Sisemi kwamba mjini hakuna wanaojua kazi. Wapo waagizaji wenye vyumba vya baridi, na hoteli kubwa za Kivukoni haziwezi kukwepa jambo hilo kwa sababu wageni wao wanarudisha chupa. Ninachosema ni kwamba unaponunua uzee, unanunua historia ya mahali chupa ilipolala, na historia hiyo haiandikwi kwenye lebo. Lazima uulize. Imeingia nchini lini? Ilikaa wapi tangu ifike? Muuzaji anayejua hujibu bila kukasirika.

Macho nayo husaidia. Kizibo kikiwa kimechomoza na kuinua karatasi ya shingoni, chupa ilipata moto. Ukiona ukoko wa mvinyo mkavu chini ya karatasi hiyo, ilivuja. Mvinyo ukiwa umeshuka chini ya shingo mpaka begani katika chupa isiyozidi miaka kumi na tano, iache. Mashapo yasikutishe. Na tangu 2019 mvinyo unaouzwa kihalali unatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA, ambayo unaweza kuihakiki kwa simu. Stempu haikwambii kama mvinyo ni mzuri, ila inakwambia kwamba haukuingia kwa mlango wa uani. Italia yenyewe iliwahi kupata msiba kwa kutojali kinachotiwa chupani. Mwaka 1986 mvinyo wa bei rahisi uliotiwa methanoli, pombe yenye sumu, uliua watu zaidi ya ishirini, na tangu hapo nchi ile ilikaza usimamizi.

Nyumbani je? Kabati la chumba cha Buguruni chenye bati juu si mahali pa kuweka chupa ya bei kubwa hata kwa miezi mitatu. Friji ya kawaida ni baridi mno kwa kuzeesha mvinyo, lakini kwa wiki kadhaa inaushinda uvungu wa kitanda bila mjadala. Ilaze chupa ili kizibo kisikauke.

Kuna ushauri mmoja uliotuletea hasara kubwa: mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba kinachosemwa hapo ni cha Ulaya, cha nyuzi 16 au 18, si sebule ya Ilala mwezi wa pili. Mvinyo ukiwa na nyuzi 30 pombe ndiyo inayotangulia puani, na kila kitu ulicholipia kinajificha nyuma yake. Uweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kuufungua. Ukiwa mkongwe, usimamishe siku moja nzima kwanza ili mashapo yatue, mimina taratibu, na usiumalize mpaka tone la mwisho.

Waitaliano wa Dodoma

Waitaliano hawakuja kwetu na mvinyo peke yake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichofunguliwa Kigamboni mwaka 1966, kilikuwa na Italia ndani ya jina lake, na wazee wa mjini wanaikumbuka Motel Agip. Ubalozi wao uko Upanga, Barabara ya Lugalo. Lakini alama iliyodumu zaidi wameiacha kwenye mchanga wa Ugogo.

Eneo la Dodoma lilikabidhiwa kikanisa mwaka 1935 kwa shirika la Wapasionisti, wengi wao Waitaliano. Kanisa Katoliki haliwezi kuadhimisha Misa bila divai, na sheria yake inataka iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, isiwe imeharibika. Paroko wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, lililokamilika 1902 hapo Mtaa wa Sokoine, ana meli zinazotia nanga mbele ya mlango wake. Aliye bara, kilometa mia nne na zaidi kutoka baharini, ana sababu ya kujiuliza kama hawezi kupanda mwenyewe. Katika miaka ya 1950 mizabibu ikapandwa kwenye misheni ya Bihawana. Ikakubali. Dodoma iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ni haba, usiku unapoa, na ukavu huo unaowasumbua wakulima wa mahindi unazuia ukungu ambao ni adui wa zabibu.

Leo vijana wanaouza zabibu kwa sahani pembeni mwa soko la Kariakoo na la Kisutu wakisema ni za Dodoma wanasema neno lenye historia ndefu. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimeipa jina zabibu nyekundu inayolimwa zaidi, Makutupora Red. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mwitaliano Fiorenzo Chesini alianzisha kiwanda cha CETAWICO huko Hombolo, na humo mkapandwa zabibu za kwao: Teroldego na Marzemino za Trentino, na ile Aglianico niliyokuomba uishike. Zabibu inayotengeneza Taurasi, mvinyo ambao sheria inaulaza miaka mitatu, imeota mizizi mwendo wa saa moja tu kutoka Bunge la Tanzania.

Kwa hiyo kwa nini hatuoni Aglianico ya Hombolo ya miaka kumi kwenye rafu za Posta?

Sababu ya kwanza iko shambani. Mzabibu wa Italia hulala kipindi cha baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna majira ya baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huupogoa, yaani hukata matawi, nao huchipua upya. Anavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa mfuko wake ni neema. Kwa mvinyo wa kuzeeka ni mtihani, kwa sababu zabibu ikiiva upesi penye joto hupanda sukari na kupoteza asidi, na asidi ni mojawapo ya ile mitaji miwili. Fundi hodari anaweza kulimudu hilo kwa kuvuna mapema na kuchagua vishada, lakini mkulima anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kukata vishada na kuvitupa.

Sababu ya pili ni sisi wanywaji. Soko letu limependa waini tamu, na kiwanda kitatengeneza kinachouzwa. Sioni aibu yoyote hapo. Italia nayo ilikunywa mvinyo wa kawaida kwa karne nyingi kabla ya Biondi-Santi kujaza mapipa yake.

Nani analipia muda?

Sababu ya tatu ndiyo inayomrudisha yule mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo mezani, maana hii anaijua kuliko mimi. Fedha iliyolala ina gharama. Chukua kiwanda cha Dodoma kilichokopa ili kununua zabibu, na benki inataka riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kikiuza mvinyo baada ya miezi sita, riba inavumilika. Kikiuweka miaka 5, kila shilingi iliyoingia kwenye pipa inadai shilingi 2 kabla hata hujalipa pipa lenyewe, ambalo la mwaloni linaagizwa nje, umeme wa kupoza ghala, na mvinyo unaopotea hewani kupitia mbao. Mkulima naye hangoji. Zabibu zake zinaharibika siku chache baada ya kukatwa, na anataka fedha ya dawa na mbolea kwa mavuno yanayofuata, ambayo yako miezi michache mbele.

Familia ya Piemonte iliyorithi ghala kutoka kwa babu, isiyo na deni, inayouza mavuno ya miaka ya nyuma huku ya mwaka huu yakilala, iko katika hali nyingine kabisa. Kwao kusubiri kumeshalipiwa na waliotangulia. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya zile chupa mbili za Kisutu ni pamoja na riba, kodi ya nafasi, hatari ya chupa kuvunjika au kuharibika, na uchache, kwa kuwa kila mwaka watu wanafungua nyingine na hakuna anayeweza kutengeneza mpya za mavuno yaleyale. Juu yake ongeza ushuru wa forodha, VAT na ushuru wa bidhaa, ambao kwa mvinyo wa nje ni mkubwa mno kuliko ule wa mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu zetu zaidi ya asilimia 75.

Ukipiga hesabu hiyo, chupa ya zamani haijadoda. Imekaa kama kiwanja, na mwenye nacho anataka faida ya miaka yote aliyokilinda. Swali la mnunuzi wa Ilala ni kama kiwanja hicho kililindwa au kilivamiwa na joto njiani.

Mimi nimefikia uamuzi huu. Nikiwa na wageni na mishkaki iko jikoni, nanunua mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, wa karibuni kadiri ninavyoupata, naupoza kidogo. Mafuta ya nyama hupambana na ukakasi vizuri, ila pilipili iwe ya wastani, kwa sababu pilipili na pombe huchocheana moto. Nikitaka Italia, natafuta Chianti Classico Riserva ya miaka minne au mitano, ambayo imeanza kulainika na haijapata muda wa kuungua stoo. Barolo ya miaka kumi nitainunua kwa mwenye chumba cha baridi tu, nikishakiona kwa macho, na nitainywa wiki hiyohiyo.